Maji Moto ya Weldborough: Mashine Ilipotangaza Chemchemi Isiyokuwepo

Weldborough ni kijiji kidogo kaskazini-mashariki mwa Tasmania, kile kisiwa kilichoning'inia chini ya Australia. Ukitoka Launceston unashika barabara kuu ya Tasman, unaipita Scottsdale, unaipita Derby, kisha kona zinaanza na msitu unakubana kushoto na kulia. Baada ya mwendo wa kama saa mbili unakuta hoteli moja ya zamani kando ya barabara. Karibu niseme hoteli hiyo ndiyo kijiji chenyewe. Ina baa, ina vyumba vichache, na ina uwanja wa kupigia kambi ambapo watu wa mahema, wa pikipiki na wa magari ya kulala hupumzika usiku mmoja kabla ya kuteremka St Helens na kwenda pwani.

Kuanzia mwezi wa Septemba 2025 hivi, simu ya hoteli hiyo ikaanza kulia kwa swali lile lile: chemchemi za maji moto ziko wapi? Mwanzoni alikuwa mtu mmoja mmoja. Baadaye zikawa simu kama tano kwa siku, na juu ya hizo, watu wawili watatu wanaofika mlangoni kila siku wakiwa wameshafunga safari. Safari moja kilitokea kikundi cha madereva 24 waliotoka bara, wakaiacha njia yao makusudi ili wakaoge maji moto ya Weldborough.

Weldborough hakuna maji moto, na hayakuwahi kuwepo. Mto wa pale, unaoitwa Weld, ni wa baridi ya kukata mifupa. Wanaoingia humo ni watafuta bati na yakuti, na huvaa nguo za mpira za wapiga mbizi kwanza.

Habari ilipotapakaa duniani Januari 2026, chanzo kilikuwa kimeshajulikana. Kampuni moja ya utalii ya Australia ilikuwa imeweka kwenye tovuti yake, Julai 2025, makala ya kupendekeza sehemu za maji moto za kutembelea Tasmania. Weldborough ilikuwamo, imesifiwa kuwa kimbilio tulivu ndani ya msitu, tena kipenzi cha wenyeji wanaopenda kutembea kwa miguu. Makala ilitungwa na akili mnemba, au akili unde kama wengine wasemavyo, yaani AI. Mwenye kampuni hakujificha. Alieleza kwamba kazi ya kuandika walimpa mtu wa nje, kwamba kwa kawaida yeye huzipitia makala kabla hazijatoka, na kwamba hii ilipita akiwa nje ya nchi. Akakiri kwamba AI yao ilivuruga kabisa. Makala ikaondolewa.

Wengi walicheka, na ni kweli inachekesha. Mimi kazi inayonilisha ni kuwaandikia maneno watu wa kambi na lodji: ukurasa wa tovuti, maelezo ya kwenye mitandao ya kuuzia vyumba, kijitabu kinachowekwa mezani ndani ya hema. Nilipoisoma habari hii sikucheka sana, kwa sababu kila aliyemo ndani yake namjua kwa sura. Mwenye kampuni namjua. Mama wa hotelini namjua. Na yule mwandishi wa nje, aliyebonyeza kitufe akapokea makala kisha akatuma ankara, huyo namjua kuliko wote.

Kwa nini makala iliandikwa

Tumpe mwenye kampuni haki yake kwanza. Ni biashara ya mume na mke. Alisema wanashindana na wakubwa, na kwamba ili uonekane ni lazima tovuti iwe na kitu kipya kila wakati, na wao hawana nguvu ya kuandika vyote hivyo wenyewe. Hapo hakuna uongo hata chembe. Mtu anayetafuta pa kulala porini hapiti barabarani akaona bango lako. Anakaa sebuleni kwake mwezi mmoja kabla, anaandika maneno matatu kwenye Google, na anachagua miongoni mwa vile vitano vya juu. Siku hizi wengine hawaandiki hata hayo maneno matatu. Wanaiambia AI: nipangie siku saba Tasmania. Kama hakuna mahali palipoandikwa jina lako, wewe hupo.

Na wakubwa wameingia kweli kweli. Biashara ya kambi ilikuwa ya watu wadogo kwa miaka mingi: mwenye shamba, mwenye baa, familia yenye eneo kando ya ziwa. Halafu likaja wimbi la glampingi, yaani hema lenye kitanda cha miguu minne, shuka nyeupe, bafu lake na wakati mwingine jiko la kuni. Msomaji wa Afrika Mashariki atasema hilo si jipya, mahema ya namna hiyo yamesimama Mara na Serengeti kabla neno lenyewe halijazaliwa, na atakuwa sahihi. Lililo jipya ni nani anayeuza. Mwaka 2024 Hilton ilifunga makubaliano na AutoCamp, ile kampuni ya Marekani inayolaza watu kwenye magari ya bati linalong'aa. Mwaka huo huo Hyatt ikaungana na Under Canvas, wenye mahema makubwa karibu na hifadhi za taifa za huko. Kabla mwaka haujaisha Marriott ikanunua Postcard Cabins, vibanda vidogo vya msituni. Agosti 2025 Ritz-Carlton, ambayo nayo ni ya Marriott, ikafungua kambi ya mahema 20 Masai Mara. Hawa wana idara nzima za watu wa matangazo, wana mamilioni ya wanachama wa kadi za pointi, wana wapiga picha wa kudumu.

Sasa wewe una mahema sita, mpishi mmoja, na mtoto wa dada anayeshughulikia Instagram akirudi chuo. Kioo cha simu ya mgeni ni kile kile. Ndiyo maana AI imepokelewa kwa mikono miwili kwenye biashara hii: inajibu ujumbe wa saa nane usiku kutoka Toronto, inatafsiri maelezo kwa Kijerumani, inapendekeza bei ya Desemba, inaandika makala kumi ukiwa bado unakunywa chai. Mimi pia naitumia. Siwezi kumrushia mwenzangu jiwe kwa kuwa na chombo ambacho hata mimi ninacho mfukoni.

Kosa lake lilikuwa kwenye kazi aliyoipa.

Mashine ilivyofika kwenye maji moto

AI ya maandishi haina ramani kichwani. Imesoma maandishi mengi mno, na inachofanya ni kutabiri neno lipi lina uwezekano wa kufuata jingine. Ukiiomba orodha ya chemchemi za maji moto za Tasmania, unachopata ni orodha, iwe chemchemi zipo au hazipo. Na Tasmania, bahati mbaya, si kisiwa cha maji moto. Panapojulikana zaidi ni Hastings, kusini kabisa, kwenye eneo la mapango, ambako kuna bwawa la kuogelea lenye maji ya nyuzijoto kama 28. Hayo kwetu Tanga tungeyaita maji ya kawaida. Baada ya Hastings orodha inaanza kupwaya, lakini umbo la makala linadai vipengele zaidi, na mashine haijui kusema "vimeisha".

Hapo ndipo jina kama Weldborough linapoponza. Liko kwenye maandishi mengi ya utalii, limezungukwa na maneno msitu, mto, njia za miguu, utulivu, ukungu. Hayo ndiyo maneno yanayozunguka chemchemi za maji moto popote duniani. Juu ya hayo, Tasmania ina mito miwili yenye jina Weld: huu wa kaskazini-mashariki, na mwingine kusini, upande ule ule wa kisiwa ulipo Hastings. Kwa mtu aliyewahi kukanyaga pale, hiyo ni mito miwili iliyotenganishwa na safari ya nusu siku. Kwenye maandishi ni herufi nne zile zile.

Nisisitize hili kwa sababu nawasikia wenye kambi wakisema AI "ilidanganya". Kudanganya kunahitaji kuujua ukweli kisha kuuficha. Mashine hii ilijaza nafasi. Aliyeacha nafasi wazi ni binadamu aliyeomba makala kuhusu kitu ambacho hakukihakikisha kama kipo.

Na tazama kilichosukumwa nje ili maji moto yapate nafasi. Weldborough ina kisa cha kweli kinachotosha makala tatu. Karne ya 19 bati lilipogunduliwa kwenye milima ile, walikuja Wachina mamia kwa mamia kuchimba, na Weldborough ikawa makao yao makuu upande ule wa kisiwa. Walijenga hekalu lao dogo hapo. Bati lilipopungua watu wakatawanyika, na vitu vya hekalu vikapelekwa kwenye jumba la makumbusho la Queen Victoria, Launceston, ambako unaweza kuviona mpaka leo. Kuna msitu wa kale wa miti iitwayo myrtle kwenye mpando wa Weldborough, miti iliyovaa kuvu na kigoga tangu chini mpaka juu, na njia ya kuutembea ni fupi hata kwa mwenye mtoto mgongoni. Jirani hapo Derby, mji uliokuwa unakufa baada ya migodi kufungwa, njia za baiskeli za milimani zilizofunguliwa 2015 zimewarudisha watu. Na kwa mwenye kiu ya joto, Derby ina sauna, yaani chumba cha joto kali, inayoelea juu ya ziwa: unatoka jasho ndani, unafungua mlango, unajitupa kwenye maji baridi.

Yaani joto lilikuwepo, mwendo mfupi kwa gari, na lilikuwa zuri kuliko lile la kubuni. Mwandishi aliyewahi kupita barabara ile mara moja tu angelitaja.

Bili inakwenda mlango wa pili

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike. Kampuni iliyotangaza haikuwa Weldborough, na aliyeiandikia hakuwa Weldborough. Mtalii aliposimama barabarani bila maji moto, hakumpigia mwandishi. Alikwenda kwenye mlango wa karibu wenye taa. Mwenye hoteli ndiye aliyebeba kazi ya kuwaambia watu wazima, mmoja baada ya mwingine, kwamba ndoto yao ya wikiendi haipo. Alikuwa na utani kwayo: anayezipata chemchemi arudi baani, bia ni juu yake. Huo ni utani wa mtu aliyejibu swali lile lile mara mia.

Kisa hiki kina pacha Malaysia. Katikati ya 2025 ilienea video ya kipindi cha televisheni kikionyesha gari la kamba linalopaa juu ya milima huko Kuak Hulu, jimbo la Perak, mtangazaji akiwahoji wageni wenye furaha. Wazee wawili, mume na mke, wakaendesha gari kutoka Kuala Lumpur kwenda kulipanda. Gari la kamba halikuwepo. Televisheni haikuwepo. Hata mtangazaji hakuwepo, vyote vilitoka kwenye mashine ya kutengeneza video. Aliyewapa habari hiyo mbaya alikuwa nani? Mfanyakazi wa hoteli waliyofikia. Mapokezi tena.

Kwenye biashara ya porini hili lina uzito wa peke yake. Mgahawa wa mjini ukitangazwa uongo, mteja anavuka barabara anaingia wa jirani. Mgeni wa kambi ametumia mafuta ya saa mbili, giza linaingia, mtandao wa simu unakatika kwenye kona, na ana watoto nyuma. Wengine hawakubali jibu. Wanasema mwenyeji anaficha siri ya wenyeji, wanaingia msituni kutafuta wenyewe. Mto wa baridi na msitu mzito si mahali pa kumtuma mtu kwa kitu kisichokuwepo.

Sheria inasaidia nusu tu. Australia ina sheria ya walaji inayokataza kwa maneno ya wazi mwenendo wa kibiashara unaopotosha, na haiulizi kama ulikusudia. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012, Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya 2003 na Tume yake, FCC. Na mwenye kudhani ataisukumia lawama mashine asome kesi ya Air Canada, iliyoamuliwa British Columbia Februari 2024. Roboti ya mazungumzo ya shirika hilo ilimpa abiria maelezo yasiyo sahihi kuhusu nauli ya msiba. Shirika likajitetea kwamba roboti ile ni kama chombo kinachojitegemea na kinachowajibika chenyewe. Baraza likakataa: kilicho kwenye tovuti yako ni chako, kiwe kimeandikwa na mtu au na roboti. Shirika likalipa.

Lakini abiria yule alikuwa amenunua tiketi. Sheria hizi zinatazama muuzaji na mnunuzi. Mwenye hoteli ya Weldborough si muuzaji wala si mnunuzi. Ni jirani. Simu tano kwa siku hazina risiti.

Kuna anayesema alipata umaarufu wa bure, jina la baa yake limesomwa mpaka London. Siwezi kukataa kwamba baadhi ya wale madereva 24 waliagiza kinywaji. Ila mimi nimewaona wageni waliofika wakiwa wamedanganywa na mtu mwingine. Wanakula, wanalipa, wanaondoka, na wiki moja baadaye kwenye maoni yako kuna nyota mbili na maneno "pazuri ila si tulichotarajia". Nyota hizo haziendi kwa aliyewadanganya.

Tulifanya bila mashine

Kabla hatujawanyooshea kidole watu wa Tasmania, twende Chemka, chemchemi ambayo wengine huiita Kikuletwa, mkoani Kilimanjaro.

Anayeifahamu njia ya Moshi kwenda Arusha anajua ukifika Boma Ng'ombe unaweza kukata kushoto, ukapita kwenye vumbi mpaka ujute kuvaa nguo nyeupe, halafu ghafla unaingia kwenye kivuli cha mikuyu na maji ya buluu unaona mpaka chini. Kuna kamba ya kurukia. Kuna samaki wadogo wanaokudonoa miguu. Maji yanabubujika kutoka ardhini, na sisi kububujika huko tukakuita kuchemka, jina likashika. Kisha akaja mtu wa kuandika tangazo la Kiingereza, akaona jina, akaona chemchemi, akatafsiri: chemchemi za maji moto. Leo karibu kila wakala anauza safari ya siku moja kwa jina hilo. Maji yenyewe si ya moto. Yanapendeza, yanakupoza baada ya lile vumbi, basi.

Hiyo haikuwa AI. Lilikuwa neno moja lililosomwa na mtu asiyeyagusa maji, likanakiliwa na wa pili, wa tatu, wa mia. Mashine ya leo imejifunza kwa kusoma hao mia. Uiulize kuhusu Chemka bila tahadhari, usishangae ikikuambia upeleke taulo na ujiandae kwa joto la volkano. Na mgeni aliyetoka ziwa Bogoria, Kenya, ambako maji yanachemka kweli kweli kiasi cha watu kuchemshia mayai, atakuja Kikuletwa na matarajio ya Bogoria.

Basi nimebadilisha namna ninavyofanya kazi, na si kwa kuacha AI. Sasa siiombi iniambie kitu. Naipa nilichokiona, iniweke sawa. Naenda kambini, au nampigia anayelala pale, nauliza maswali ya kuchosha: maji ya kuoga yanapashwa na nini, yanaisha saa ngapi, choo kiko hatua ngapi kutoka hema la mwisho, gari dogo linapita wakati wa masika au mgeni aje na lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne, mtandao gani wa simu unashika na usimame wapi ili ushike. Hayo yakishakaa kwenye karatasi, mashine ipange sentensi inavyotaka. Jina la mahali lisilokuwa kwenye karatasi yangu likitokea kwenye andiko lake, nalikata hata kama linasikika tamu. Hasa kama linasikika tamu.

Picha nimeacha kabisa kuzitengeneza. Nilishawahi kuonyeshwa tangazo la kambi lenye twiga anakunywa maji kwenye bwawa la hema la kifahari, amesimama miguu imenyooka wima, shingo tu ndiyo imeshuka. Twiga hanywi hivyo. Anatanua miguu ya mbele mpaka unamwonea huruma, au anaikunja magoti, vinginevyo kichwa hakifiki chini. Mtoto yeyote wa Monduli angelicheka. Mnunuzi wa Munich hacheki, analipa, na siku akifika ndipo anapoanza kuuliza maswali. Picha ya simu yenye tope kwenye kona inauza polepole zaidi, nakubali.

Jambo moja zaidi, ambalo wenye kambi hawalipendi: kuandika waziwazi kwamba kitu fulani hakipo. Ukurasa wa hoteli ya Weldborough ukisema waziwazi "hapa hakuna chemchemi za maji moto, iliyo karibu kwa joto ni sauna ya Derby", injini za utafutaji zitausoma, na AI nazo zitausoma. Sehemu ndogo zinaongopewa kwa sababu hakuna aliyeandika ukweli wake wa kuchosha, na nafasi tupu haikai tupu. Kila mwezi mimi huziuliza hizi AI mbili tatu kuhusu kambi za wateja wangu, kama mgeni, na kuandika kila kisicho kweli. Zimewahi kunipa bwawa la kuogelea, uwanja wa ndege na chui wa kila asubuhi.

Miezi michache iliyopita nilikuwa nikimwandikia mama mmoja mwenye kambi ndogo upande ule wa Kikuletwa. Nikaweka mstari: maji ya Chemka si ya moto, ni ya kupoza mwili, njoo na viatu vya majini kwa sababu ya mawe. Akanipigia baada ya saa moja.

"Mwanangu, umeniandikia tangazo au umeniandikia onyo?"

"Shikamoo mama. Nimekuandikia maji yalivyo."

"Marahaba. Sasa wenzangu wote wameandika ya moto. Mgeni atakuja kwangu kuoga baridi?"

Nikamwambia atakuja kwake kwa sababu ndiye peke yake ambaye hatabishana naye akishavua nguo. Akanyamaza kidogo. Akasema neno "si ya moto" libaki, ila tuongeze kwamba mikuyu ina kivuli mpaka saa kumi, na kwamba yeye anapika samaki. Vyote viwili nilivijua ni kweli. Samaki nilishamla.